Diski Isiyosomeka Kwenye Kompyuta Nyingine
Mteja aliyelipia picha za harusi zichomwe kwenye CD hufika nyumbani akakuta kompyuta yake haioni kitu, ilhali mpiga picha ameshazifuta kwenye kamera. Mara nyingi diski si mbovu, bali haikufungwa. Windows, kwa mfano, humpa mchomaji njia mbili. Ya kwanza huitumia diski kama flashi, faili zikiongezwa na kufutwa. Hiyo huzisumbua mashine za zamani. Ya pili huchoma faili zote kwa mkupuo, nayo husomeka kwa wengi. Agiza hiyo, na diski ifungwe baada ya kuchomwa. Kabla ya kulipa, ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine, si ile iliyoichoma.