Mbung'o Ndani ya Gari: Kumwondoa kwa Usalama na Kuitambua Homa ya Malale

Mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo, ni inzi afyonzaye damu wakati wa mchana. Dume na jike wote huuma. Huvutwa na kitu kikubwa kinachotembea na kwa rangi za buluu na nyeusi, na ndiyo sababu hulifuata gari kama anavyomfuata nyati. Madereva, warina asali, wafugaji na wachimbaji wadogo wanaopita mapori ya Kigosi, Moyowosi na Burigi-Chato hujikuta wakisafiri naye hadi mjini.

Jambo hili si geni. Shinyanga ilikuwa makao ya utafiti wa mbung'o wa Tanganyika katika miaka ya 1930, chini ya C.F.M. Swynnerton, ambaye jina lake limebaki katika aina moja ya mbung'o, Glossina swynnertoni. Enzi hizo viliwekwa vizuizi barabarani, na wahudumu wenye nyavu waliwakamata mbung'o walioning'inia kwenye magari na kwa wasafiri, ili wasihamishiwe maeneo mengine.

Kumwondoa garini

Kinga hutangulia. Madirisha yafungwe kabla ya kuingia porini, na abiria wavae nguo nzito za mikono mirefu zenye rangi ya khaki au ya udongo. Dawa za kupaka mwilini zinazofukuza mbu humzuia mbung'o kwa kiasi kidogo tu.

Akishaingia, mbung'o huenda kwenye kioo chenye mwanga au hujificha chini ya viti. Auawe kwa kitambaa kizito, na asitolewe nje akiwa hai. Dereva asimfukuze huku akiendesha. Abiria ndio wafanye kazi hiyo, au gari lisimamishwe baada ya kutoka porini, likaguliwe chini ya viti na kwenye buti.

Ikibidi kutumia dawa ya kupuliza, iwe ile iliyosajiliwa kwa matumizi ya nyumbani. Watu wote washuke, gari lifungwe kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha milango yote iachwe wazi hewa ipite kabla ya kupanda tena. Mwenye pumu na mtoto mchanga wasikaribie.

Dawa ya pamba au ya kuogeshea mifugo isitumike kamwe garini. Baadhi yake ni za jamii ya oganofosfati, ambazo hupenya kwenye ngozi na mapafu. Aliyeathirika hutokwa na mate na jasho jingi, hutapika, mboni za macho husinyaa na pumzi hubana. Atolewe kwenye hewa safi, avuliwe nguo, aoshwe kwa maji na sabuni, na awahishwe kituo cha afya, ambako atropini huokoa maisha. Anayemhudumia avae glavu.

Homa isiyo malaria

Mbung'o wengi hawana vimelea, na wagonjwa wa malale siku hizi ni wachache. Uchache huo ndio hatari yake, kwa kuwa ugonjwa husahauliwa. Malale ya Tanzania, inayosababishwa na Trypanosoma brucei rhodesiense, huenda kwa kasi: baada ya wiki moja hadi tatu hutokea homa za vipindi, kichwa kuuma na tezi kuvimba, wengine huwa na uvimbe wenye maumivu palipoumwa. Baadaye akili huvurugika na usingizi hubadilika. Asipotibiwa, mgonjwa hufa ndani ya miezi.

Kipimo cha haraka cha malaria hakioni vimelea hivi, darubini huviona. Kwa hiyo mwenye homa ambaye kipimo chake ni hasi, au ambaye homa yake haikuisha kwa dawa ya malaria, aulizwe: je, alipita au kulala porini, au kuumwa na mbung'o garini? Akijibu ndiyo, damu yake ichunguzwe mara moja kwa darubini, na uchunguzi urudiwe ikiwa shaka ipo. Mgonjwa naye alitaje jambo hili bila kusubiri kuulizwa.

Tiba ipo. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vidonge vya feksinidazoli, kwa siku 10 pamoja na chakula, kwa wenye umri wa miaka 6 na kuendelea na uzito usiopungua kilo 20. Kabla ya hapo, ugonjwa uliofika kwenye ubongo ulitibiwa kwa melasoproli, dawa yenye aseniki ambayo yenyewe iliweza kuua.