Mizinga ya Königsberg na Walioikokota

Ndani ya Fort Jesus, Mombasa, imo mizinga miwili iliyotoka kwenye manowari mbili za maadui: Pegasus ya Waingereza na Königsberg ya Wajerumani. Tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg iliivizia Pegasus ikiwa imetia nanga Unguja, ikaizamisha. Yenyewe ikajificha katika delta ya Rufiji, hadi Julai 11, 1915, ilipopigwa na manowari za Waingereza, Severn na Mersey, na mabaharia wake wakaamua kuizamisha kwa mikono yao. Mizinga yake kumi ya milimita 105 iliopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam, ikaundiwa magurudumu na kwenda kupigana nchi kavu. Mmoja ulifika hata Ziwa Tanganyika ukafungwa kwenye Graf Goetzen, meli tunayoiita leo Liemba.

Safari hiyo ndiyo thamani ya mizinga hii. Ukiiondoa, kinachobaki ni chuma kizito kisicho na la kusema. Wakusanyaji wa vifaa vya meli za vita hujitetea kwamba wanaokoa kitu kisiliwe na kutu, na hilo si uongo: mwili wa Königsberg, baada ya kukatwakatwa na watafuta vyuma, ulimezwa na tope la Rufiji. Lakini anayeopoa bila kuandika alichokiona hupoteza kama anayeuza chakavu, tofauti ni bei tu. Ndiyo maana mkataba wa UNESCO wa 2001 unataka kwanza ifikiriwe kukiacha kitu kilipo majini, kwa kuwa mahali pake ni sehemu ya ushahidi.

Wapo watakaouliza: silaha za wakoloni zinatuhusu nini? Zinatuhusu sana. Mizinga ile haikujiendesha porini. Ilikokotwa na Waafrika, katika vita vilivyowamaliza wapagazi kwa maelfu, pande zote mbili. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Maelezo ya mzinga yanayotaja kipenyo chake na nahodha wake, yakawaacha watu hao, ni nusu ya habari.

Basi kama nyumbani kwenu kuna kengele, taa au kipande cha shaba kilichotoka majini, usikiuze kabla hujaandika kilitolewa wapi, na nani, mwaka gani. Kisha ipeleke taarifa hiyo makumbusho.