Gari la gesi: hatari iko kwenye mtungi

Magari yanayotumia gesi asilia yamezoeleka Dar es Salaam, na sasa madereva wa Korogwe na Handeni wanatuuliza: hilo si bomu linalotembea?

Gesi yenyewe haitishi kuliko petroli. Ni nyepesi kuliko hewa. Ikivuja mahali pa wazi hupanda na kutawanyika, ingawa ndani ya gereji iliyofungwa hujikusanya darini. Mvuke wa petroli hutambaa chini ukisubiri cheche. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, petroli ya lori lililopinduka iliua watu zaidi ya 100.

Kinachotutia wasiwasi sisi ni mtungi. Tairi la gari dogo hujazwa upepo 30 hivi. Mtungi wa gesi asilia ukijaa, kwa kipimo hichohicho, unakaribia 3,000. Mtungi wa jikoni haukutengenezwa kubeba msukumo huo, na gesi ya kupikia ni gesi nyingine kabisa, ambayo ikivuja hukaa chini. Fundi akikwambia "tutaufunga hivyohivyo, utafanya kazi", chukua gari lako uondoke.

Ukinunua gari ambalo tayari limefungwa mfumo wa gesi, kagua tarehe ya mwisho ya matumizi ya mtungi, kutu na mibonyeo. Ukisikia harufu ya gesi njiani, tuseme umefika Segera, simama mahali pa wazi, zima injini, shusha abiria, kisha funga valvu ya mtungi. Usiwashe tena mpaka fundi aliyesomea mfumo huo aukague.