Tairi Lisiloogopa Mwiba

Kando ya barabara za mji wa Mpanda, kama ilivyo katika miji yote ya Tanzania, tairi kuukuu lililosimamishwa wima ni tangazo lisilohitaji maandishi: hapa yupo mzibaji wa pancha. Baiskeli, pikipiki, malori na magari madogo, yote hufika kwake, kwa kuwa Katavi ni nchi ya migunga yenye miiba na ya njia za kokoto. Lakini miongoni mwa magari yaliyokwisha kutumika ng'ambo na kuletwa nchini kwa njia ya bandari ya Dar es Salaam, yapo yaliyofungwa matairi ya namna ya pekee. Tairi la namna hiyo huchomwa na mwiba, likatoka upepo wote, na bado gari likaendelea na safari kana kwamba hakuna lililotokea. Katika makala haya tutaliita tairi lihimililo pancha.

Mtu angetazamia kwamba tairi kama hilo lingependwa mno katika mkoa wenye misitu mikubwa na vijiji vilivyo mbalimbali. Kumbe sivyo. Wenye magari wengi, huku kwetu na katika nchi nyingine, huyavua matairi hayo wakafunga ya kawaida, na sababu wanayoitaja mara nyingi ni moja: gari linatikisa. Je, raha hiyo wanayoitafuta inatoka wapi? Na wanapoipata, wanapoteza nini? Ili kujibu maswali haya, hapana budi tuanze na kitu ambacho dereva hakioni, nacho ni hewa.

HEWA NI SPRINGI

Magurudumu ya kwanza ya mpira yalikuwa ya mpira mtupu, usio na uwazi ndani. Mwaka 1845 Robert William Thomson, mhandisi wa Uskochi, alipata hataza ya gurudumu lenye mkanda uliojazwa hewa, lakini uvumbuzi wake haukuenea. Mwaka 1888, katika mji wa Belfast, daktari wa mifugo John Boyd Dunlop alibuni upya jambo hilohilo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Tangu hapo hewa imekuwa sehemu ya gurudumu.

Hewa hufanya kazi gani? Tuchukue gari lenye masi ya kilogramu 1,600. Kila gurudumu hubeba, kwa ukadirio, kilogramu 400, yaani kani ya nyutoni 4,000 hivi. Kanieneo ni kani iliyogawanywa kwa eneo. Tairi likijazwa hewa hadi kilopaskali 220, ambazo kwa lugha ya gereji ni paundi 32, basi eneo linalogusa ardhi litakuwa 4,000 gawanya kwa 220,000, yaani meta za mraba 0.018, au sentimeta za mraba 180. Eneo hilo halizidi sana kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole vyake. Gari zima, pamoja na watu waliomo, limekaa juu ya viganja vinne.

Tairi linapokutana na jiwe, hewa iliyomo hubonyea, kisha hurudi ilivyokuwa. Hii ndiyo tabia ya springi. Tuseme kwamba tairi la kawaida linahitaji nyutoni 200 ili libonyee milimeta 1. Chini ya mzigo wa nyutoni 4,000 litabonyea sentimeta 2. Likipanda jiwe la kimo cha sentimeta 1 kabla ekseli haijapata nafasi ya kuinuka, litasukuma ekseli hiyo kwa kani ya ziada ya nyutoni 2,000.

UBAVU MGUMU

Tairi la kawaida lina mbavu nyembamba. Hewa ikitoka, mbavu hizo hujikunja, rimu ikakalia mpira, na baada ya mwendo mfupi tairi lote huchanika. Katika tairi lihimililo pancha, ubavu umeongezewa tabaka nene la mpira mgumu ambao unaweza kulibeba gari hata pasipo hewa. Wazo hili si la jana. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Dunlop ilitengeneza tairi la kuhimili pancha lililoitwa Denovo, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya BMW ya Ujerumani imeyafunga matairi ya ubavu mgumu katika magari yake mengi. Msomaji anaweza kuyatambua kwa herufi zilizopigwa ubavuni, kama vile RFT, ROF au RSC.

Hapa ndipo ilipo gharama. Ubavu mgumu hausubiri pancha ili uanze kazi. Hufanya kazi siku zote, sambamba na hewa. Springi mbili zilizowekwa sambamba hujumlisha ugumu wake. Tuseme ubavu mnene umeongeza ugumu wa tairi kutoka nyutoni 200 hadi 250 kwa kila milimeta. Jiwe lile lile la sentimeta 1 sasa litasukuma ekseli kwa nyutoni 2,500 badala ya 2,000. Aidha, tairi hilo ni zito zaidi, na uzito ulio chini ya springi za gari ni mgumu kutulizwa na shokapu. Kwa kifupi, dereva hulipia pancha asiyoipata kwa mtikisiko anaoupata kila meta ya safari.

BARABARA YENYE MBAVU

Katika barabara laini za lami tofauti hiyo huweza kuvumilika. Lami imefika Mpanda, lakini njia nyingi za kwenda vijijini, mashambani na migodini bado ni za udongo na kokoto. Wakati wa kiangazi njia hizo huota vituta vidogo vilivyopangana kama mbavu za ng'ombe aliyekonda. Mwaka 1963 mwanafizikia Keith Mather alieleza majaribio yake ya kuzungusha gurudumu la mpira juu ya njia ya mchanga. Aliona kwamba gurudumu lenyewe, kwa kurukaruka, ndilo linalochimba vituta hivyo. Magari ndiyo yanayojitengenezea adha yao.

Tuseme vituta vimepishana kwa sentimeta 75. Gari linalokwenda kilometa 20 kwa saa hupita meta 5.6 kila sekunde, hivyo hugongwa mara 7 kwa sekunde. Mwili wa binadamu aliyeketi huathirika zaidi na mitetemo ya juu na chini iliyo kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde. Ndiyo maana mwendo huo humchosha msafiri, na mgonjwa au mama mjamzito anayepelekwa hospitalini huteseka kuliko wote.

Dereva akiongeza mwendo hadi kilometa 40 kwa saa, mapigo huwa mara 15 kwa sekunde. Mwili hupata nafuu kidogo, lakini sasa mapigo yamekaribia mtetemo wa asili wa gurudumu lenyewe, ambao katika magari mengi madogo ni kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde. Mitetemo miwili ikilingana, gurudumu huruka kama mtoto anayesukumwa kwenye pembea kwa wakati barabara. Gurudumu lililo hewani halishiki breki wala halitii usukani. Basi ulaini wa tairi si anasa tu. Tairi linalobonyea kwa urahisi hulifuata umbo la njia, na gari hudumu kuishika ardhi.

KILOMETA 80

Wako watakaosema: heri kutikisika kuliko kukwama porini. Hoja hiyo ina uzito, lakini hebu tuipime. Kwa kawaida watengenezaji huruhusu tairi la ubavu mgumu lisilo na hewa liende kilometa 80 hivi, kwa mwendo usiozidi kilometa 80 kwa saa. Kwa nini kuna mpaka? Kila gurudumu linapozunguka, ubavu hujikunja na kujikunjua, na sehemu ya nishati inayotumika hapo hugeuka kuwa joto. Mpira mnene haupitishi joto upesi. Joto hujikusanya ndani mpaka mpira unaharibika. Mzigo mkubwa na njia mbovu huufupisha mwendo huo zaidi.

Katika nchi zenye gereji kila baada ya kilometa chache, kilometa 80 zinatosha kabisa. Lakini kutoka Mpanda hadi Tabora ni zaidi ya kilometa 300, na sehemu kubwa ya safari hiyo hupita katika misitu ya miombo. Kutoka Mpanda hadi Karema, penye bandari ya Ziwa Tanganyika, ni zaidi ya kilometa 100. Pancha ikitokea katikati ya safari ya Tabora, tairi lihimililo pancha huweza kumpeleka msafiri mbali na mahali alipochomwa, lakini lisimfikishe aendako. Naye akifika kijijini, aghalabu hatalipata tairi la namna hiyo la kununua. Kubwa kuliko yote, magari mengi yaliyoundwa kwa matairi hayo hayana gurudumu la akiba. Uvumbuzi uliokusudiwa kuondoa hofu ya pancha, ukihamishiwa mahali pengine, huweza kuikuza hofu hiyo.

KUBADILI KWA HESABU

Kwa hiyo wanaobadili matairi hayo katika mazingira ya Mpanda wana haki ya kisayansi. Hata hivyo, raha haiji bure. Anayeondoa ubavu mgumu ameondoa kinga yake, na hana budi kuweka kinga nyingine mahali pake.

Kwanza, matairi yote manne yabadilishwe pamoja. Gari lenye magurudumu magumu upande mmoja na laini upande mwingine haliwezi kutulia katika kona. Matairi mapya yawe ya kipimo kile kile, na uwezo wake wa kubeba mzigo usipungue ule ulioagizwa na mtengenezaji wa gari.

Pili, lipatikane gurudumu la akiba, jeki, spana na pampu. Gari lisilo na nafasi maalumu ya gurudumu hilo hulazimika kulibeba nyuma. Basi lifungwe imara, kwa maana gari likisimama ghafla, gurudumu la kilogramu 20 litaendelea na mwendo wake kuelekea kwa abiria.

Tatu, pawe na kipande cha ubao mpana. Jeki yenye kitako cha sentimeta za mraba 100, ikiinua mzigo wa nyutoni 5,000, huikandamiza ardhi kwa kilopaskali 500. Katika udongo mweusi wa mbugani wakati wa masika, itazama. Ubao wa sentimeta 30 kwa 40 chini yake hupunguza kanieneo hiyo hadi kilopaskali 42 hivi.

Nne, upepo upimwe asubuhi, kabla ya safari. Tairi lililojazwa kilopaskali 220 kwenye halijoto ya nyuzi 20 za selsiasi litasoma kilopaskali 250 hivi likifika nyuzi 50 kwa jua na mwendo. Huo si upepo wa kupunguzwa. Wapo pia wanaopunguza upepo kwa makusudi ili gari lilainike katika safari ndefu. La hasha! Tairi la kawaida lenye upepo haba hujikunja kupita kiasi, hupata joto, na huweza kupasuka gari likiwa katika mwendo wa kasi. Ulaini unaofaa ni ule wa ubavu mwembamba wenye upepo kamili.

JARIBIO LA DARASANI

Mwalimu anaweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili kwa baiskeli moja. Jaza gurudumu la nyuma upepo, kisha upime kwa kipimio cha pampu. Weka gurudumu hilo juu ya mizani ya kupimia uzito wa watu, mwanafunzi akiwa ameketi juu ya baiskeli na wenzake wakiizuia isianguke, na gurudumu la mbele likiinuliwa kwa tofali ili baiskeli isiinamie mbele. Andika masi inayosomeka, uizidishe kwa 10 ili kupata kani kwa nyutoni.

Sasa paka tairi wino au masizi yaliyochanganywa na mafuta. Inua baiskeli, weka karatasi ya grafu chini ya gurudumu juu ya ubao wenye kimo sawa na kile cha mizani, mshushe mwanafunzi akiwa ameketi vile vile, kisha uinue tena. Chora mstari kuzunguka alama iliyobaki, hesabu miraba iliyomo, na ugawe kani kwa eneo. Rudia baada ya kupunguza upepo hadi nusu.

Wanafunzi wataona eneo likikua upepo unapopungua. Wakilinganisha jibu lao na kipimio cha pampu, huenda wakakuta jibu lao limezidi kidogo. Wasidhani kwamba wamekosea. Ziada hiyo, makosa ya vipimo yakiwekwa kando, ni sehemu ya mzigo inayobebwa na mpira wenyewe badala ya hewa. Katika tairi la baiskeli sehemu hiyo ni ndogo. Katika tairi lisiloogopa mwiba imekuzwa kwa makusudi, na msafiri wa Mpanda huihisi katika uti wake wa mgongo.