Kalenda ya Kiyahudi na Sikukuu Zake

Katika kalenda ya kawaida, sikukuu za Kiyahudi huonekana kuhamahama kila mwaka, ilhali katika kalenda ya Wayahudi wenyewe kila moja ina tarehe yake isiyobadilika. Rosh Hashanah, yaani Mwaka Mpya, huwa tarehe 1 ya mwezi wa Tishri. Yom Kippur, yaani Siku ya Upatanisho, ambayo waumini huifunga kwa takriban saa 25 bila chakula wala maji, huwa tarehe 10 ya mwezi huohuo. Sikukuu ya Vibanda huanza tarehe 15 Tishri, Hanukkah tarehe 25 Kisleu, Purimu huwa tarehe 14 Adari, na Pasaka huanza tarehe 15 Nisani.

Msingi wa kalenda hiyo ni mwezi mwandamo, na kila mwezi wake una siku 29 au 30. Miezi 12 ya namna hiyo hutimiza siku 354 hivi, kwa hiyo mwaka wa mwezi hupungukiwa na siku zipatazo 11 ukilinganishwa na mwaka wa jua. Waislamu huuacha upungufu huo ulivyo, ndiyo maana Ramadhani huzunguka majira yote ya mwaka. Wayahudi hawawezi kufanya hivyo, kwa kuwa Torati inaagiza Pasaka iadhimishwe katika mwezi wa Abibu, ndio Nisani, wakati mashuke ya shayiri yanapokomaa katika nchi ya Israeli. Kwa sababu hiyo, katika kila kipindi cha miaka 19, miaka 7 huongezewa mwezi wa 13, uitwao Adari wa Kwanza. Matokeo yake yanaonekana wazi katika miaka ya karibuni: siku ya kwanza ya Pasaka ilikuwa 6 Aprili mwaka 2023, ikasogea hadi 23 Aprili mwaka 2024 kwa kuwa mwezi wa 13 ulikuwa umeongezwa, kisha ikarudi 13 Aprili mwaka 2025.

Zamani kazi ya kutambua mwanzo wa kila mwezi haikufanywa kwa hesabu peke yake. Mishna, kitabu cha sheria kilichokusanywa takriban mwaka 200 B.K., inaeleza jinsi mashahidi waliouona mwezi walivyofika mbele ya baraza la wazee na kuhojiwa mmoja mmoja. Rabani Gamalieli, kiongozi wa baraza hilo, alikuwa na michoro ya maumbo ya mwezi ukutani, akiwaonyesha mashahidi wasiokuwa na elimu na kuwauliza kama waliuona hivi au vile. Ushahidi ulipokubaliwa, mioto iliwashwa kutoka kilele hadi kilele, kuanzia Mlima wa Mizeituni, hadi habari ikafika Babeli; lakini Wasamaria walipowasha mioto ya uongo, baraza lilianza kutuma wajumbe. Kwa kuwa wajumbe hawakuweza kufika kote kwa wakati, jamii za mbali ziliadhimisha siku mbili pale ambapo Torati iliagiza moja, na jamii nyingi zilizo nje ya Israeli zimeishika desturi hiyo mpaka leo.

Mapokeo yanamtaja Hileli wa Pili, aliyeishi karne ya 4, kuwa ndiye aliyeweka kalenda ya hesabu isiyohitaji mashahidi. Hata hivyo, kanuni hizo zilichukua muda mrefu kukubaliwa na wote, kwani mwaka 922 wafuasi wa Ben Meir wa Palestina waliadhimisha Pasaka Jumapili, ilhali wale wa Babeli, waliotetewa na mwanazuoni Saadia Gaon, waliadhimisha Jumanne. Hatimaye hesabu ya Babeli ndiyo iliyoshinda.

Kanuni hizo hujali pia maisha ya waumini. Mwaka Mpya hauruhusiwi kuangukia Jumatano wala Ijumaa, kwa sababu Yom Kippur ingepakana na Sabato, na watu wangekaa siku mbili mfululizo bila kupika wala kuzika maiti. Hauruhusiwi pia kuangukia Jumapili, ili ibada ya tarehe 21 Tishri ya kupiga matawi ya mti isigongane na Sabato. Ili kuyatimiza hayo, siku moja huongezwa au kupunguzwa katika miezi fulani.

Msomaji anayetaka kuwatakia heri majirani zake Wayahudi hana budi kukumbuka kwamba siku yao huanza jua linapokuchwa, kama ilivyo katika desturi ya pwani ambako usiku unaoitwa usiku wa Ijumaa ndio unaoitangulia Ijumaa yenyewe; hivyo karamu ya Pasaka ya tarehe 13 Aprili 2025 ililiwa jioni ya tarehe 12.

Faida kubwa ya hesabu hii ni umoja. Taifa lililotawanyika, lisilokuwa tena na baraza moja la kulitangazia mwandamo wa mwezi, limeweza kuifunga Yom Kippur kwa tarehe moja duniani kote, iwe Yerusalemu, New York au kwa Abayudaya wa Mbale nchini Uganda, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919.