Je, Wajua? Umri wa Makamo na Mbio Ndefu za Turkana

Je, wajua kwamba kutoka Lodwar hadi Kakuma ni takriban kilomita 120? Marathoni ni kilomita 42.195, na mbio yoyote inayopita hapo huitwa ultramarathoni. Barabara hiyo peke yake, basi, imebeba marathoni tatu kasoro kidogo, na Waturkana wa rika zote waliitembea kwa miguu, na mifugo mbele yao, kabla lami haijafika. Kwa hiyo mkazi wa Lopur, hapa Turkana, mwenye miaka 45 anayeamua kukimbia hajaiga jambo la wageni. Mwendo mrefu ni wa nyumbani.

Je, wajua kwamba mwili uliojengwa kwa mwendo huo ulichimbuliwa papa hapa Turkana? Mwaka 1984 Kamoya Kimeu, Mkenya mwenye jicho kali kuliko watafiti wengi waliosoma vyuoni, aliona kipande kidogo cha fuvu kandokando ya laga ya Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Uchimbaji ulipoendelea, ikatoka mifupa ya kijana wa miaka kama milioni 1.5 iliyopita, karibu mwili mzima. Miguu yake ni mirefu na nyonga zake ni nyembamba, tofauti kabisa na viumbe waliomtangulia ambao bado walikuwa wapandaji miti.

Miaka 20 baadaye, mwaka 2004, Dennis Bramble na Daniel Lieberman walichapisha katika jarida la Nature hoja kwamba jamii yetu ya binadamu iliumbika kwa mbio ndefu. Walitaja kano nene ya kisigino inayorudisha nguvu kila mguu unapokanyaga, misuli mikubwa ya makalio isiyofanya kazi kubwa mtu akitembea lakini inayokaza akikimbia, na ule ukano wa nyuma ya shingo unaozuia kichwa kisiyumbe. Wapo wataalamu wanaopinga sehemu ya hoja hiyo, hasa madai kwamba wahenga waliwinda kwa kuwakimbiza wanyama hadi wachoke. Hata hivyo kano na misuli hiyo unaweza kuipapasa mwilini mwako sasa hivi. Nayo haina tarehe ya kustaafu.

Swala humshinda binadamu kwa mbali katika mbio fupi. Lakini binadamu hupoza mwili kwa jasho ngozi nzima, ilhali wanyama wengi hutegemea kuhema. Kwenye jua kali na safari ndefu, tofauti hiyo ni kubwa.

Je, wajua kwamba mwaka 2025 jarida la Science lilichapisha utafiti kuhusu vinasaba vya Waturkana? Watafiti walikuta alama ya mabadiliko karibu na kinasaba kiitwacho STC1, kinachohusika na kazi ya figo mwili unapokosa maji. Wengi wa waliopimwa walikuwa na upungufu wa maji mwilini, na bado afya yao kwa jumla ilikuwa nzuri. Chakula chao ni nyama, maziwa na damu kwa sehemu kubwa sana, lishe ambayo mwili wa mtu mwingine ungesumbuka nayo.

Na hapa ndipo mtu wa makamo anapaswa kusimama asome mara mbili. Mwaka 2020, kundi hilo hilo la watafiti lilikuwa limeonyesha kwamba Waturkana waliohamia mijini wana afya mbaya zaidi ya moyo na mishipa kuliko wale waliobaki wakichunga: uzito umeongezeka, presha imepanda, sukari imepanda. Ukoo ni ule ule. Kilichobadilika ni maisha: vyakula vya dukani, kiti cha ofisini, na bodaboda ya kwenda mahali ambapo baba yake mtu angefika kwa miguu bila kulitaja kama safari. Ninaamini kwa moyo wangu wote kwamba hakuna sababu kubwa kuliko hii ya kufunga kamba za raba ukiwa na miaka 42, 48 au 55 mjini Lodwar. Mwili wako unadai mwendo uliouzoea kwa vizazi.

Uwezo wa mwili kutumia oksijeni hupungua kwa takriban asilimia 10 kila miaka 10 baada ya umri wa miaka 30, kwa mtu asiyefanya mazoezi. Anayejizoeza bila kuacha hupoteza karibu nusu ya hapo.

Kasi ndiyo hutangulia kwenda. Ustahimilivu hubaki nyuma kwa muda mrefu. Aleksandr Sorokin wa Lithuania alianza kukimbia akiwa amekwisha pita miaka 30, baada ya kuacha kupiga makasia, akiwa na uzito mkubwa. Septemba 2022, mjini Verona, alikimbia kilomita 319.614 kwa saa 24, rekodi ya dunia. Alikuwa na miaka 40. Ziweke kilomita hizo kwenye ramani yetu: ni kwenda kutoka Lodwar hadi Kakuma, kurudi Lodwar, kisha kushika tena njia ya Kakuma na kumaliza theluthi mbili yake.

Je, wajua kwamba Edna Kiplagat wa Kenya alimaliza wa tatu katika Marathoni ya Boston mwaka 2024 akiwa na miaka 44? Miaka mitatu kabla ya hapo alimaliza wa pili kwenye mbio hizo hizo, kisha akapewa ushindi wa mwaka 2021 aliyemtangulia alipoondolewa kwa kosa la dawa zilizopigwa marufuku. Ni mama wa watoto.

Bernard Lagat, mzaliwa wa Kapsabet aliyeiwakilisha Marekani, alikuwa wa tano katika fainali ya mita 5,000 ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Umri: miaka 41.

Machi 2024 Jasmin Paris, Mwingereza mwenye miaka 40, alikuwa mwanamke wa kwanza kuyamaliza mashindano ya Barkley huko Tennessee, yenye kikomo cha saa 60. Alifika zikiwa zimebaki sekunde 99.

Kati ya wote hao, ninayemheshimu zaidi ni Wally Hayward wa Afrika Kusini. Mbio za Comrades, kati ya Durban na Pietermaritzburg, zilianza mwaka 1921 kwa wakimbiaji 34 tu. Leo huwavuta maelfu, na njia yake ni karibu kilomita 90 za vilima. Hayward alishinda mwaka 1930 akiwa kijana wa miaka 21. Akakaa miaka 20 bila kushinda tena. Kisha akarudi, akashinda mwaka 1950, 1951, 1953 na 1954, mara ya mwisho akiwa na miaka 45. Wengine wangetundika viatu hapo. Mwaka 1988, akiwa na miaka 79, alirudi akamaliza kwa saa 9 na dakika 44, mbele ya vijana wengi waliokuwa wajukuu zake kwa umri. Mwaka uliofuata, mzee wa miaka 80, alivuka mstari zikiwa zimebaki dakika mbili kasoro sekunde chache kabla lango halijafungwa. Ukisikia mtu wa miaka 50 akisema wakati wake umepita, msimulie habari za mzee huyu.

Magoti, je? Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2017 ulikuta kwamba ugonjwa wa baridi yabisi wa magoti na nyonga ulikuwa kwa asilimia 3.5 ya wanaokimbia kwa kujifurahisha, na kwa asilimia 10.2 ya wasiokimbia kabisa. Walioumia zaidi ni wakimbiaji wa mashindano makubwa, asilimia 13.3. Maana yake ni kwamba anayekimbia kwa kiasi hayachakazi magoti yake kama watu wanavyodhani.

Chuo Kikuu cha Stanford kilianza mwaka 1984 kufuatilia wakimbiaji wenye miaka 50 na zaidi, pamoja na wenzao wasiokimbia. Baada ya miaka 19, waliofariki kati ya wakimbiaji walikuwa asilimia 15. Kati ya wale wengine, asilimia 34.

Tahadhari moja, na isomwe kwa makini. Utafiti uliohusu wakimbiaji milioni 10.9 wa marathoni na nusu marathoni nchini Marekani, kati ya mwaka 2000 na 2010, ulipata visa 59 vya moyo kusimama ghafla. Ni vichache mno. Lakini wengi wa waliopatwa walikuwa wanaume, na wastani wa umri wao ulikuwa miaka 42. Pima presha na sukari kabla ya kuanza. Kifua kikibana ukiwa njiani, simama, usiombe radhi kwa mtu, na utafute daktari siku hiyo hiyo.

Je, wajua kwamba Lopez Lomong alijifunza kukimbia Kakuma? Alitekwa na waasi Sudan Kusini akiwa mtoto wa miaka 6, akatoroka, na akaishi miaka 10 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Ameeleza kwamba wavulana walitakiwa kukimbia mzunguko mzima wa kambi, karibu kilomita 30, kabla ya kuruhusiwa kucheza kandanda. Mwaka 2000 alilipa shilingi 5 kutazama Olimpiki ya Sydney kwenye runinga ndogo, akamwona Michael Johnson, na hapo akajua anataka nini. Mwaka 2008 alibeba bendera ya Marekani mjini Beijing. Lakini kinachotuhusu sisi wa makamo kilikuja baadaye: mwaka 2019, akiwa na miaka 34, umri ambao wakimbiaji wengi wa uwanjani huwa wameshaaga, alitwaa ubingwa wa Marekani wa mita 10,000 na wa mita 5,000 katika mashindano yale yale.

Katika Timu ya Wakimbizi ya Olimpiki ya Rio 2016 kulikuwa na wanamichezo 10, na watano kati yao walitoka Kakuma: Rose Nathike Lokonyen aliyebeba bendera, Anjelina Nadai Lohalith, Yiech Pur Biel, James Nyang Chiengjiek na Paulo Amotun Lokoro. Mwenzao wa marathoni, Yonas Kinde, Mhabeshi aliyehifadhiwa Luxembourg, alikuwa na miaka 36. Alimaliza kwa saa 2 na dakika 24.

Aliyewaongoza ni Tegla Loroupe, Mpokot, mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda Marathoni ya New York, mwaka 1994. Tangu mwaka 2003 wakfu wake umeandaa mbio za amani zinazowaleta pamoja Wapokot, Waturkana, Wakaramojong na majirani zao. Mwaka 2006, mjini Kapenguria, wapiganaji wapatao 2,000 walishindana kwa miguu badala ya kuvamiana kwa ajili ya ng'ombe. Wengi hawakuwa wamewahi kuvaa namba kifuani.

Lodwar iko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari. Iten iko mita 2,400. Kwa hiyo hapa hupati ile hewa nyepesi inayoimarisha damu ya wakimbiaji wa Iten. Badala yake unapata joto, karibu nyuzi 35 mchana kwa mwaka mzima, na joto nalo ni mwalimu. Mgeni anayejizoeza humo kidogo kidogo huzoea kwa siku 10 hadi 14: jasho huanza kutoka mapema zaidi na chumvi ndani yake hupungua. Kabla ya siku hizo kwisha, asijaribu ushujaa. Na hata mwenyeji aondoke saa kumi na moja alfajiri, awe amerudi kivulini kabla ya saa mbili.

Je, wajua kwamba maji mengi mno yanaweza kuua? Mkimbiaji akinywa kupita kiasi kwa saa nyingi, sodiamu katika damu hushuka na ubongo huvimba. Watafiti walipowapima wakimbiaji 488 wa Marathoni ya Boston ya mwaka 2002, asilimia 13 walikuwa na upungufu huo. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliokaa njiani zaidi ya saa nne, yaani hasa watu kama sisi, wanaoanza ukubwani na wanaokwenda polepole. Kunywa ukiwa na kiu. Ukirudi na uzito mkubwa kuliko ulioondoka nao, umekunywa kupita kiasi.

Mwiba wa mathenge hutoboa soli ya raba bila shida. Kagua viatu kila unaporudi. Akala za tairi huustahimili vizuri zaidi, ingawa kwa kukimbia ni nzito.

Umri wa "mkongwe" katika riadha huanza miaka 35. Chama cha dunia cha riadha ya wakongwe kimekuwapo tangu mwaka 1977, nacho hupanga washindani kwa makundi ya miaka mitano mitano hadi kupita 100. Natamani siku moja mbio ya Kakuma hadi Lodwar iandaliwe kwa makundi hayo, na akina mama wa Lopur waliobeba mitungi ya maji kichwani tangu utotoni wapewe namba za mbele. Kwa kutembea tu, wengi wangewaacha mbali wakimbiaji wa kukodiwa baada ya kilomita 60.

Kutembea kunaruhusiwa, kwa kweli. Katika ultramarathoni, hata mabingwa hutembea kwenye mlima na wanapokula. Jeff Galloway, aliyeshiriki Olimpiki ya mwaka 1972, amewafundisha watu wasiohesabika kukimbia kwa dakika chache, kutembea kidogo, kisha kukimbia tena tangu mwanzo wa safari, kabla uchovu haujawalazimisha.

Na Marathon des Sables, kilomita 250 hivi katika jangwa la Moroko tangu mwaka 1986, ina kanuni ambayo Mturkana ataielewa mara moja. Nyuma ya mshiriki wa mwisho hufuata ngamia na wachungaji wao, kwa mwendo wa kawaida wa msafara. Maadamu ngamia hajakupita, ungali mashindanoni.