Deni la Safari: Kukopa kwa Ajili ya Kazi ya Muda Ng'ambo



Katika ziara zetu za sharika kuna swali ambalo limekuwa likijirudia kwenye kamati. Mama mwanakikundi anaomba mkopo ili binti yake aende Oman, au nchi nyingine ya Ghuba, kufanya kazi za nyumbani kwa mkataba wa miaka 2. Mama ana shamba la kuweka dhamana. Binti ana nguvu lakini hana kazi. Jirani amejenga kwa fedha za huko. Kumkatalia kunaonekana ni roho mbaya, na kumkubalia kunatia hofu. Makala hii inaeleza jinsi deni la namna hii linavyokwenda, ili kamati iamue ikiwa na ufahamu.

Fedha zinakwenda wapi?

Msafiri ana gharama za halali: pasipoti, vipimo vya afya, nauli ya kufika Dar es Salaam na matumizi ya siku za kusubiri. Mara nyingi hizi si gharama za kutisha. Mkopo unakuwa mkubwa pale anapoingia dalali na kudai "ada ya kutafutiwa nafasi". Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997, katika ibara ya 7, umeweka msingi kwamba wakala wa ajira asimtoze mfanyakazi ada. Isitoshe, kwa kazi za nyumbani za Ghuba, kwa kawaida mwajiri ndiye anayegharamia viza, tiketi na malipo ya wakala. Dalali anayedai mamilioni kwa mama huku kijijini, basi, huenda analipwa mara mbili kwa kazi moja.

Tufanye hesabu

Tuchukue mfano. Mama anakopa shilingi 2,000,000 kwa mkopeshaji wa mtaani, riba asilimia 10 kwa mwezi. Miezi 4 inapita katika kushughulikia hati na safari, na riba isiyolipwa inaongezwa kwenye deni. Siku binti anapoanza kazi, deni limefika shilingi 2,928,200.

Mwisho wa mwezi wa 5 binti anatuma nyumbani shilingi 300,000. Riba ya mwezi huo pekee ni shilingi 292,820. Deni limepungua kwa shilingi 7,180 tu. Akituma kiasi hicho bila kukosa hata mwezi mmoja kwa miaka yote 2, atakuwa amelipa shilingi 7,200,000, na bado atadaiwa zaidi ya shilingi 2,290,000. Atarudi akidaiwa kuliko siku mama alipokopa.

Mkopo huohuo ungetoka SACCOS kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi, deni lingekuwa takriban shilingi 2,123,000 siku ya kuanza kazi, na lingekwisha katika mwezi wa 8 wa kulipa. Safari ni ileile na mshahara ni uleule. Kilichobadilika ni riba.

Deni la pili

Kuna deni jingine ambalo binti hakulitia sahihi. Katika nchi za Ghuba, chini ya utaratibu uitwao kafala, kibali cha kuishi cha mfanyakazi wa nyumbani hufungamana na mwajiri wake. Mwezi Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa kuhusu Watanzania waliofanya kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu. Wapo walioeleza kunyang'anywa pasipoti, kunyimwa mishahara, na kuambiwa warudishe gharama za kuletwa kwao kabla ya kuruhusiwa kuondoka.

Si kila nyumba iko hivyo. Wapo wanaorudi salama na akiba mkononi. Lakini ona hali ya binti anayeteswa. Akimwambia mwajiri anataka kuondoka, anadaiwa. Akimpigia mama simu, mama anawaza shamba na anamjibu neno moja: "Vumilia." Mama hana moyo mgumu, ni deni linalosema kwa kinywa chake. Silaha pekee ya mfanyakazi aliye mbali ni uwezo wa kusema "basi, narudi", na mkopo mbaya humnyang'anya silaha hiyo kabla hajapanda ndege.

Kamati ifanye nini?

1. Kikundi kikopeshe kwa gharama za halali tu zenye stakabadhi, si kwa ada ya dalali.
2. Mkopo usitolewe kabla mkataba wa kazi haujaonekana, wenye jina la mwajiri, mshahara na siku ya mapumziko, na kabla leseni ya wakala haijaulizwa kwa mamlaka ya serikali inayohusika na ajira.
3. Shamba wala nyumba ya familia isiwekwe dhamana.
4. Marejesho yaanze baada ya mshahara wa kwanza, na riba isiongezwe juu ya riba.
5. Familia ibaki na nakala ya pasipoti na mkataba, pamoja na namba ya simu ya ubalozi wetu wa Muscat au Abu Dhabi.
6. Akirudi kabla ya muda kwa sababu ya mateso, kikundi kikae naye upya na kumpa muda wa kulipa. Hilo liandikwe kwenye mkataba wa mkopo tangu mwanzo.

Kwa wafadhili wetu: mkisaidia vikundi vya kuweka na kukopa, kumbukeni pia nauli ya dharura ya kumrudisha mtu nyumbani. Ni fungu dogo katika bajeti, lakini ndilo linalompa mzazi ujasiri wa kusema "Rudi" badala ya "Vumilia".

Nehemia, sura ya 5, aliwakuta ndugu wameweka rehani mashamba na watoto wao wanaingia utumwani kwa ajili ya madeni. Aliwakemea wakopeshaji mbele ya kusanyiko, na mashamba yakarudishwa. Kamati zetu zina nafasi nzuri zaidi, kwa kuwa zinaweza kuzuia kabla rehani haijawekwa.